Alama ya Bluu Mlangoni kwa Bibi Rebeka

Kokulinda alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na sita, na kipindupindu kilimfundisha jambo moja: ugonjwa husakwa pale unapoanzia. Alipokabidhiwa mradi wa kuzuia mauaji ya vikongwe pembezoni mwa Igoma, alienda nao hivyo hivyo. Uvumi ukizuka kwamba bibi fulani ni mchawi, kisa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, wahudumu wake walifika kabla maneno hayajavuka mtaa wa pili. Nyumba ya kila bibi aliyekuwa hatarini ilipakwa alama ya bluu mlangoni, ili mhudumu asipotee. Wazo lilikuwa lake mwenyewe, na vikaoni hakuchoka kulitaja.

Mlango wa Bibi Rebeka ndio uliopakwa wa kwanza.

Mwezi wa pili wa mradi, Kokulinda alimkuta akikwangua mlango kwa kisu.

"Shikamoo, bibi. Mbona unaharibu mlango?"

"Marahaba. Mmeuharibu nyie, mwanangu. Zamani walikuwa wananidhania tu. Sasa wanasema serikali yenyewe imeniandika." Akaelekeza kisu nyumba ya jirani. "Evelina alikuwa anachukua moto kwangu kila asubuhi. Tangu mpake hii rangi, hajakanyaga hapa. Na juzi wamekuja wanaume wawili kuuliza nalala chumba kipi."

Kokulinda aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka akashindwa kumtazama. Siku hiyo hiyo wahudumu wawili walihamia kwa bibi na magodoro yao. Ila alama ilimsumbua. Kuifuta kusingesaidia, kwani mlango uliofutwa nao ungejulikana. Akamwita Luhende, kiongozi wa wahudumu.

"Pakeni mtaa mzima. Anzeni kwa mwenyekiti."

"Sista, mzee Mashimba atakubali kweli?"

"Mwambie tunapima presha nyumba kwa nyumba, na ikishapimwa inapakwa. Na tupime kweli, siyo maneno."

Mashimba alinung'unika, akapimwa, presha ikakutwa juu. Kuanzia hapo akawa mpiga debe mkubwa wa mradi kuliko wahudumu wenyewe, na ole wake aliyekataa rangi.

Siku ya nne milango yote sabini na miwili ilikuwa na bluu, wa Evelina ukiwemo. Asubuhi iliyofuata Kokulinda aliketi uani kwa bibi, fomu mapajani, akijifanya anaandika. Evelina alipita na ndoo ya maji, macho chini. Bibi aliendelea kukoroga mboga yake.

Baadaye Evelina akarudi, safari hii moja kwa moja mpaka kwenye mafiga, kigae cha chungu mkononi.

"Shikamoo, bibi. Naomba moto."

Bibi Rebeka aliweka mwiko chini. Alichokoa mafigani, akatoa makaa makubwa, moja moja, mpaka kigae kikajaa na mboga yake ikaacha kuchemka.

"Marahaba," akasema. "Kesho usichelewe."