Ulimbo Wangu na Nta ya Masanja

Jamani, leo gulioni Maganzo shilingi imegoma kutoka mkononi mwangu!

Alitangulia Masanja, mshindani wangu wa mazingaombwe. Akaificha shilingi kiganjani, akaitoa sikioni mwa mnunuzi wa pamba. Vigelegele! Aliyevipiga kuliko wote ni mke wangu.

Roho ikaniuma.

Nikaingia mimi. Nilikuwa nimepaka ulimbo kiganjani, huu tunaonasia ndege, ili shilingi isidondoke. Haikudondoka. Ila ilipotakiwa kutoka, wapi! Nikakung'uta mkono kama niliyeumwa na nge.

Mara baba mkwe huyo. Mtu mwingine ningemkwepa, lakini mkwe?

"Mwadila, baba," nikamwamkia Kisukuma, nikampa mkono.

Tukanasana! Tulipoachana, shilingi ikabaki kiganjani kwake. Gulio zima hoi, Masanja kashika mbavu.

Njiani mke wangu akanipoza: "Baba Kulwa, ulimbo haubanduki. Tumia nta ya nyuki kama Masanja. Yeye huilainisha kwanza kwapani."

Nimeukwangua ulimbo kiganjani mpaka nyumbani.

Sasa nyie wenye busara, nijibuni: habari za kwapa la Masanja, mke wangu kazipata wapi?