Mwizi wa Sentensi Yangu

Barua ilikuwa na mistari sita. Wa nne ndio ulionimaliza.

"Jopo limebaini kwamba pendekezo lako limechukuliwa kutoka kwenye kazi ya mtu mwingine."

Mimi? Mimi ambaye hata kalamu ya kuazima huirudisha na kifuniko chake?

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine, kwenye duka la kutoa nakala ninakofanya kazi. Mteja akaniambia, "Dada, karatasi zangu zinadondoka." Nikaziokota, nikazipanga. Sikulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Nasoma shahada ya uzamivu katika historia ya sanaa. Najua, najua. Hata nyumbani kwa dada yangu, ninakoishi, shemeji huniuliza kila jioni nikivua viatu: "Daktari wa picha, kuna picha yoyote imepona leo?"

Dada humkanya. Mimi hucheka kidogo. Mtu aliyekupa godoro ana haki ya mzaha.

Ninachochunguza ni yale mapazia yaliyochorwa, ya studio za zamani za kupigia picha. Mnayakumbuka? Ndege, ngazi zisizofika popote, bustani yenye maua makubwa kuliko kichwa cha mtu. Wazazi wetu walisimama mbele yake wamevaa makoti ya kuazima. Waliochora hawakuandika majina yao, na sasa mapazia yanaliwa na panya. Nazunguka studio hadi studio nikiyatafuta kabla hayajaisha.

Bila ufadhili, haiendi. Nilikuwa nimeomba miaka mitatu, nikakataliwa yote mitatu. Chuo kikanipa neno la mwisho: nikikosa na mwaka huu, jina langu linaondolewa.

Kila mara aliyeniandikia barua ya kunipendekeza ni Profesa, msimamizi wangu. Tunamwita Mzee Miwani, maana ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado utamkuta anatafuta ya tatu. Nikikataliwa, yeye huumia kuliko mimi. Mara ya tatu nilimkuta ofisini amegeukia dirishani, hataki nimwone uso.

Basi mwaka huu nikaona aibu. Nitamtesa mzee wa watu mpaka lini?

Nikapata mfuko mmoja wa ufadhili ambao hatua ya kwanza hautaki barua ya mtu. Hautaki hata jina. Mwombaji hupewa namba, ili wasomaji wasijue wanamsoma nani. Nikasema, hapa ndipo pangu. Kwa mwenye haya kama mimi, kuwa namba ni raha.

Profesa aliniuliza mara moja tu, kwenye ngazi za maktaba.

"Mwanangu, mwaka huu umeomba popote?"

"Hapana, Profesa. Nimechoka."

La uchovu lilikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo.

"Pumzika," akasema. "Lakini ile kazi usiitupe."

Miezi mitatu baadaye ndiyo ikaja barua ile. Nikakaa nayo kwenye mkoba siku tatu. Ningemwonyesha nani? Neno mwizi halifutiki kirahisi, hata ukiwa hujaiba.

Siku ya nne Profesa akaniita ofisini. Moyo ukashuka mpaka kwenye soli. Nikajua ameshasikia.

Nikamkuta anatabasamu.

"Kaa, mwanangu, kaa. Sikutakiwa kulisema hili, lakini roho haitulii. Nilikuwa kwenye jopo la ufadhili fulani. Wewe hulijui, hukuomba."

Nikaubana mkoba wenye barua.

"Nikapewa pendekezo lisilo na jina. Ukurasa wa kwanza, mapazia. Nikashtuka. Ukurasa wa pili, nakuta sentensi yako! 'Pazia lilikuwa safari ya mtu asiye na nauli.' Neno kwa neno! Ile niliyokupigia mstari mwekundu kwenye sura ya kwanza."

Akagonga meza kwa kidole.

"Nikawaambia wenzangu, huyu ni mwizi. Hii kazi ni ya binti yangu, na mwenyewe kaniambia hajaomba. Mmoja akabisha, eti ndilo pendekezo bora kuliko yote. Nikamjibu, ni bora kwa sababu ni la mwanafunzi wangu! Tukalitupa nje." Akajigusa kifua. "Safari hii angalau nimekulinda."

Kumbe nilikuwa wa kwanza.

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia miwani ya kichwani.

"Asante, Profesa," nikasema. Ndiyo, nilisema asante. Kuona haya ni ugonjwa, jamani.

Nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Halafu nikarudi, nikaiweka barua mezani.

"Profesa, yule mwizi ni mimi."

Akasoma. Akabadilisha miwani, akasoma tena. Kisha akazivua zote mbili.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

"Nilikuona umechoka kuniandikia."

"Nilichoka wao kukukataa," akasema. "Kukuandikia sijawahi kuchoka."

Alasiri ileile aliwaandikia wenzake wa jopo. Wakajibu kwamba jina langu limesafishwa, wanasikitika, ila nafasi imeshachukuliwa na aliyenifuatia. Nasikia anachunguza vigae vya kale. Simchukii.

Jioni nilipowasimulia nyumbani, shemeji hakutania. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nenda kaoge, maji yameshachemka."

Profesa akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya masomo asubuhi tatu mfululizo, mpaka chuo kikaniongezea mwaka mmoja. Wa mwisho kabisa, wamesema.

Nimeomba tena. Safari hii nimewaambia wote: Profesa, dada, shemeji, hata yule mteja wa karatasi. Majibu bado. Bado nimechoka pia, nisiwadanganye.

Ila kama na wewe una haya kama zangu, chukua hili moja. Ukijificha gizani, aliyeshika rungu kukulinda atakupiga wewe. Na atapiga kwa nguvu zake zote, kwa sababu anakupenda.