Mtoto Aliyelazwa Ukutani

Nasikia siku hizi watu wanaisifu kazi ya kufanyia nyumbani, eti mama unapata riziki huku unalea. Anayesema hivyo aje nimsimulie. Mimi niliifanya kijijini Kirushya, karibu na kambi, miaka ile ya wakimbizi, nikiwa na mvulana wa miaka miwili na nusu na binti wa miezi minne ambaye hakukubali kulala popote isipokuwa mgongoni mwangu.

Kazi ilikuwa ya kunakili. Shirika moja kambini lilikuwa likiwatafutia wazazi wao watoto waliopotea njiani wakati watu wakikimbia. Wahojaji waliandika habari za kila mtoto kwenye vikaratasi, haraka haraka, kwa Kirundi. Mimi ni Mhangaza, lugha yetu ni jirani ya Kirundi, nakielewa karibu chote, na mwandiko wangu ulisifiwa tangu shule. Nililetewa bahasha ya vikaratasi na picha. Nikanakili kila habari kwa Kiswahili kwenye fomu safi, nikabandika picha kwa gundi ya unga wa muhogo, na fomu zikaenda kutundikwa kwenye mbao kambini, wazazi wapite wakitafuta sura. Watoto wakubwa walijua jina la baba na la kilima walikotoka. Wadogo hawakujua lolote. Kwao picha ndiyo ilikuwa kila kitu.

Niliomba kufanyia kazi ofisini, wakakataa kwa sababu nina watoto. Ofisi ya watoto waliopotea haikutaka watoto. Mume wangu alikuwa fundi magari Nyakanazi, akirudi mara moja kwa mwezi, anakula, anajinyoosha, kisha anasema, "Wewe si unakaa tu nyumbani." Nilitamani nimtandike mwiko. Nilikuwa nimeolewa mara tu baada ya kidato cha nne, na kazi ile ilikuwa kitu cha kwanza kuitwa changu. Niliing'ang'ania kwa meno.

Tatizo lilikuwa mvulana. Nikiandika, anavuta kalamu. Nikimfukuza, anakwenda kuchokoza moto. Siku moja nikampa picha tatu ashike, akatulia. Alizipanga juu ya mkeka, akazifunika kwa majani ya mgomba, akazipigapiga mgongo kama nilivyompigapiga mdogo wake. "Amerara," alinong'ona, akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu siku hiyo, asubuhi nilimpa watoto wake alee, nami nikafanya kazi. Nilijua si sawa. Nilifanya hivyo hivyo.

Msimamizi aliyekuja kuchukua fomu akaziona zina madoa.

"Mama, huu ni uji?"

"Ni uji, bosi. Samahani sana."

"Kuna mwalimu wa Mabawe anaiomba kazi hii kila siku. Nikikuta kasoro nyingine, nampa yeye."

Bahasha iliyofuata ilikuwa na msichana mmoja ambaye maelezo yake nayakumbuka yote. Miaka mitatu hivi. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Akiulizwa jina anajibu, "Mtoto." Hula huku ameshika sikio. Kwenye picha pia alikuwa amelishika, jicho moja amelifumba kwa jua. Nilicheka peke yangu, nikawaza kwamba huyu mama yake atamtambua akiwa bado yuko mbali na ubao.

Nilimaliza kuandika wengine wote. Nilipofika kwake, picha haipo.

Nilikung'uta mkeka. Nikafagia chini ya kitanda, nikamwaga maharage yote kutoka kwenye kikapu, mtoto mgongoni akilia muda wote. Nikamuuliza mvulana picha iko wapi.

"Amerara."

"Amelala wapi?"

Akaweka kidole mdomoni, ninyamaze. Gari la msimamizi nililisikia tayari likipanda kilima. Nikampiga kofi. Nikampiga la pili. Alitaka kunipeleka mahali, nadhani. Alikuwa ameshanyanyua mguu. Baada ya makofi alikaa chini akalia, na hakusema tena.

Picha ingeweza kupigwa upya. Msichana alikuwepo kambini, akila, ameshika sikio. Nilitakiwa kusema neno moja tu: imepotea. Nikamwona mwalimu wa Mabawe akipokea bahasha zangu. Nikakichukua kile kikaratasi chenye habari zake, nikakitia kwenye moto, nikatoka kumpokea msimamizi na kumkaribisha kiti. Alipitisha macho juu ya fomu.

"Sasa hizi safi," alisema.

Kazi niliendelea nayo mpaka kambi zilipofungwa. Msichana sikujua alipelekwa wapi. Mara moja tu nilipita kambini nikiuza ndizi, nikawakuta akina mama mbele ya mbao, wanapitisha kidole juu ya sura moja moja, wakifika mwisho wanaanza tena. Niliacha kwenda kuuza ndizi huko. Nilimchukia mume wangu, nilichukia ofisi, nilimchukia hata mwalimu wa Mabawe ambaye sijawahi kumwona, lakini aliyekichoma kile kikaratasi ni mimi.

Juzi juzi tulibomoa jiko la zamani. Mvulana sasa ni mwanamume, ana ndevu. Upande wa mafiga, kwenye ufa kati ya fito na udongo, alitoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge changu, kimekazwa vizuri, kama mtoto anayekingwa na baridi. Alikifungua. Mende walikuwa wamekula pembe tu. Sikio lilikuwepo, mkono ulikuwepo, jicho limefumbwa. Na mdomoni kulikuwa na uji uliokauka.

"Mama, huyu ni nani?"

Nilimwambia ni mmoja wa wale watoto waliopotea niliokuwa nikiwaandika, na kwamba yeye alikuwa akiwalaza. Alicheka sana. Hakumbuki, na makofi pia hayakumbuki. Aliifuta picha kwa kidole gumba, akaitazama.

"Na mama yake alimpata?"

"Alimpata," nilisema.

"Afadhali," akasema, akanipa picha, akarudi kubomoa ukuta.