Nilituhumiwa kufunga mvua kwa sababu nafyatua tofali, nikaziacha zangu elfu nane zinyeshewe

Mwangaluka wakuu, na walio mbali nawasalimu huko mliko.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, msimu huu wa kupanda pamba, huku Itilima. Chumvi sijaongeza. Jina la kitongoji nalihifadhi maana wahusika bado tunasalimiana kila asubuhi.

Mimi nafyatua tofali za kuchoma. Tangu ofisi mpya za wilaya zianze kujengwa Lagangabilili kazi haijalala. Form four yangu ni ya kubangaiza, ila jografia nilipata C, na hiyo C nitazikwa nayo.

Mke wangu ni Kabula. Baba yake ni mkulima wa pamba na mfugaji, tunaishi naye kitongoji kimoja.

Sasa basi.

Mwezi wa kumi na mbili ukaingia, watu wameshapanda, mvua hakuna. Mawingu yanakuja meusi kutoka upande wa ziwa, yakitukaribia yanagawanyika, yanaenda kunyesha kitongoji cha jirani. Unasikia harufu ya udongo uliolowa, na kwako ni vumbi tu.

Na mimi uwanjani nina tofali mbichi elfu nane, zinakauka vizuri kabisa.

Mnaona mambo yanakoelekea?

Kwa wasiojua, huku kwetu mfyatua tofali ni mtuhumiwa wa kudumu. Tofali mbichi ikinyeshewa inarudi kuwa tope. Kwa hiyo watu wanajiuliza, nani ananufaika na ukame kama si huyu? Wanasema anafunga mvua, dawa ameifukia chini ya tofali ya kwanza.

Nilichukulia utani. Mpaka siku Kabula amerudi kisimani na ndoo tupu, kasalimia watu hakuna aliyeitika. Alikaa jikoni akalia.

Wiki hiyo hiyo ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mzee Masanja, akauliza nani ana neno. Aliyesimama ni baba mkwe wangu.

Wakuu, Msukuma habishani na mkwe hadharani. Unainamisha kichwa unasikiliza.

Mzee akasema mbegu zake zinaungua ardhini wakati mkwewe anafurahia jua. Akataka nitengwe. Nisichote maji, na nikifiwa asije mtu, mpaka nivunje uwanja wa tofali. Nikikataa, Kabula na watoto wanarudi kwake.

Kukosa tofali naweza, kumkosa Kabula siwezi.

Nikaomba kuongea, macho kwa mwenyekiti ili nisionekane namjibu mkwe. Mkutano ulikuwa nyumbani kwake, na jikoni walikuwa wanachemsha viazi. Nikaomba mfuniko wa sufuria, nikawaonyesha matone yaliyoshika chini yake.

Nikasema mvua ni hivyo hivyo. Jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inapanda imebeba mvuke wa ziwa na mabwawa. Kule juu kuna baridi. Mvuke unageuka matone madogo sana, hilo ndilo wingu. Matone yakiungana yakawa mazito, yanaanguka.

Na mwanzoni mwa msimu mawingu haya yanakuja vipande vipande. Kila kipande kinamwaga pale kilipokomaa. Shamba hili linalowa, la jirani linabaki kavu, na hakuna mtu aliyechagua.

Mama mmoja akauliza mbona zamani haikuwa hivi. Nikamwambia hapo ameuliza swali zito, maana hali ya hewa na tabianchi ni vitu viwili.

Niwape na ninyi mfano. Hali ya hewa ni jinsi mkwe wako alivyoamka leo. Tabianchi ni tabia yake, huwezi kuisema mpaka umeishi naye miaka na miaka. Wataalamu wenyewe wanaangalia miaka thelathini hivi ndipo wanasema nchi fulani iko namna gani. Siku moja ya mawingu kugawanyika haikuambii kitu.

(Mkutanoni mfano huo sikuutoa. C ninayo, na akili pia ninazo.)

Watu walisikiliza, ila mkwe hakulegea hata kidogo. Ndipo nikasema:

"Mwenyekiti, nipeni wiki moja. Tutege chupa kila upande wa kitongoji, na tofali zangu sitazifunika. Kama mvua naifunga mimi, itakwepa uwanja wangu."

Mwenyekiti akakubali.

Nikakusanya chupa za maji za lita moja na nusu, sita. Nikazikata shingo, nikazipachika shingo hizo kichwa chini kama faneli. Chini nikaweka kokoto na maji mpaka kwenye mstari niliouchora, sifuri yangu hiyo, halafu nikabandika rula. Moja uwanjani kwangu, moja shambani kwa mkwe, nyingine kanisani, shuleni, kisimani na kwa mwenyekiti.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, upepo wa baridi ukapiga na wingu likaja.

Kabula akatoka mbio na turubai. Nikamshika mkono. Akaniita mwendawazimu, na kwa kweli hata mimi sikuwa na uhakika. Nikamwambia tukifunika leo watasema tulijua, na wewe utaondoka.

Tukasimama mlangoni tunaangalia. Tofali zililegea pembe, zikavimba, zikalala chini. Kazi ya wiki tano. Kabula alilia, na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Asubuhi watu wote tukazunguka na mwenyekiti kusoma chupa. Kwangu milimita 31. Kwa mwenyekiti 12. Kisimani 9, shuleni 6, kanisani 4.

Shambani kwa mkwe, sifuri. Vumbi hata halijatulia.

Mtu nyuma akasema kumbe anayefunga ni huyu mzee, si mnaona lake tu ndilo kavu? Mwingine akaitikia, na wa tatu.

Nikamwona mzee wa watu anatazama chini. Neno alilonitupia mimi sasa linamrudia mwenyewe, na kutengwa alikotaka mimi nitengwe kunamjia yeye.

Niwe mkweli, kwa dakika moja nilisikia raha. Ningenyamaza tu, nimeshinda.

Nikaenda nikasimama mbele yake, rula mkononi.

"Hakuna aliyefunga. Wingu limeishia kwenye korongo pale, kabla ya shamba lake. Mkimtenga mzee, nitengeni na mimi."

Mwenyekiti akasema kesi imeisha, akawatawanya watu hapo hapo. Mkwe akashika njia ya kwake.

Siku mbili baadaye akaja uwanjani kwangu, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Akasimama pembeni ya lile tope.

"Ungeweza kuzifunika," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hiyo chupa inasomwaje?"

Nikamfundisha. Sikio langu lilikuwa moto kwa furaha, mkwe wangu kachuchumaa ananisikiliza mimi.

Mvua ilifika shambani kwake wiki iliyofuata. Alijua ni milimita ngapi kabla yangu. Siku hizi akinipigia simu asubuhi hasalimii, anaanza na namba, ndipo anauliza wajukuu wameamkaje.

Nilichojifunza, wakuu. Kumtoa mtu hatiani kwa kumtwisha mwingine hatia ile ile si kushinda. Ujinga unabaki pale pale, umehama nyumba tu. Tofali nimefyatua upya, hasara ilikuwa kubwa, na sijawahi kujivunia kitu maishani kama lile tope.

Karibuni kwa maoni, na wa kunisahihisha jografia mje pia. Mlioko Mwandoya na Lingeka, tegeni chupa mniwekee namba hapa.

Mzee anaziulizia.