Mama Chapa na Maneno ya Kugusa Moyo

Mke wangu ana duka dogo la kuchapa, mashine mbili na kiti kimoja cha mteja, na watu humwita Mama Chapa. Kazi yake kubwa ni wasifu wa marehemu. Wachapaji wengine huandika wanacholetewa, yeye hubishana. Ukimletea "maisha ya kugusa moyo", atayakata kwa penseli mbele ya macho yako, uwe mfiwa usiwe mfiwa.

"Msiba wowote unasikitisha," husema. "Kinachogusa moyo ni kile kidogo kinachokukuta hujajiandaa."

Nilimwonya kwamba atafukuza wateja. Lakini miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kumshinda, nilishasalimu amri. Nampenda kwa ubishi huohuo, ingawa mbele yake sisemi, kichwa kitamvimba.

Asubuhi moja aliingia mwalimu wa kike, macho mekundu. Mama yake alikuwa anazikwa saa nane mchana. Yeye, kitinda mimba, ndiye aliyepewa kusoma wasifu mbele ya kaka zake watatu, ambao hawasemeshani tangu mama augue. Karatasi yake ilikuwa na mistari minne. Wa mwisho ulisema: maisha ya kugusa moyo. Penseli ikapita.

"Mama, andika tu, tafadhali. Sina kingine. Nitasimama pale niseme nini?"

"Pole, mwanangu. Kaa kwanza. Ukienda kwake ulikuwa unakuta nini?"

Mwalimu akakaa. "Viatu," akasema. "Tangu tukiwa wadogo, ukivua viatu mlangoni anavigeuza vitazame nje, usichelewe shule. Mwaka jana nilimfokea, nikatoka kwa hasira. Nikakuta ameshavigeuza. Na vumbi ameshafuta."

Mke wangu akavua miwani. Mimi nikajifanya natafuta karatasi kabatini.

"Hilo naliandika kama ulivyolisema."

"Na yale ya kugusa moyo, tuyarudishe?"

"Ya nini tena?"

Nakala nilizipeleka msibani mwenyewe, nikabaki nyuma kusikiliza. Mwalimu alisoma vizuri mpaka kwenye viatu, akakwama. Kaka zake, kila mmoja amesimama peke yake, wote watatu waliinama wakatazama viatu vyao. Kisha yule mkubwa akasogea, akamshika dada yake bega, na wa pili akaja akachukua karatasi, akamalizia kusoma.