Nnalongo na Neno "Lala"

Siku moja imenikaa moyoni hadi leo, mwanangu. Nilikuwa bado bi harusi, nimeletwa Kampala kutoka kwetu Voi, na mume wangu alikuwa amepanga chumba Kamwokya. Mlango wa pili alikaa mama mmoja, msusi wa mikeka. Watu walimwita Nnalongo, ndilo jina la heshima wanalompa Waganda mama aliyezaa mapacha. Asubuhi hiyo nilimkuta nje na ukindu wake, nikamwamkia kwa adabu niliyofunzwa: "Shikamoo, mama." Hakuitika. Alikusanya vitu vyake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nililia, sikufichi. Jioni nikaenda Old Kampala kwa mama mkwe, ambaye wazee wake walikuja zamani na biashara kutoka pwani na Kiswahili kikabaki lugha ya nyumba yao. Alinieleza taratibu. Katika miaka ile mibaya ya utawala wa kijeshi, wanaume wenye bunduki walibisha kwa Nnalongo, wakamchukua mumewe, naye hakurudi tena. Walikuwa wakisema Kiswahili. Tangu hapo, akikisikia mlangoni, mwili wake hutetemeka kabla hajajua anayesema ni nani.

"Usimwekee kinyongo," mama mkwe akaniambia. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Basi nikawa ninapita kwake kimya, nimeinamisha kichwa. Mungu akanijalia mtoto wa kwanza, msichana, na mtoto huyo alijua kulia. Mchana nilikaa naye kibarazani, nikimbembeleza kwa maneno ya kujitungia tu: lala, kipenzi changu, lala, ukiamka utakuwa mkubwa. Siku moja nikaona mikono ya Nnalongo imesimama juu ya mkeka. Akaniuliza kwa Kiganda, polepole kama mtu anavyosema na mgeni, kwa nini ninamwambia mtoto mchanga neno lile.

Kiganda nilikielewa kuliko nilivyothubutu kukisema. Nikafumba macho, nikalaza shavu juu ya viganja viwili kumwonyesha usingizi. Alinitazama, kisha akamtazama mtoto.

"Neno hilo nalijua," akasema. "Waliniambia 'lala chini', wakanikanyaga mgongo. Sikujua kumbe ni neno la kumpa mtoto usingizi."

Nilimpa mtoto ampakate. Akamtikisa kidogo, akamwambia kwa sauti ndogo, "Rara, rara." Na mtoto akalala, mwanangu. Labda alikuwa amechoka mwenyewe, lakini sisi wawili tuliamini ni lile neno.

Kuanzia hapo, kila alasiri alinidai neno. Hakutaka maneno ya sokoni. Alitaka kujua sisi tunamwitaje mtu tunayempenda, na mvua ile nyembamba isiyolowesha ina jina gani. Nilipomwambia "manyunyu", alilirudia siku nzima, kama mtu anayefyonza muwa ambao utamu wake hauishi. R na l alizichanganya, na vikombe vyake vyote vilikuwa "kikombe yangu". Wanawe waliosoma walimuuliza atakipeleka wapi Kiswahili na umri ule, naye hana biashara wala safari. Akawaambia kwamba hakipeleki popote, yeye anakifurahia hapo hapo alipo. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Kumbe mimi mwalimu ndiye niliyekuwa na somo la kujifunza. Yeye alisema Kiswahili kibovu bila haya, na mimi nilimjibu kwa kutikisa kichwa, nikiogopa Kiganda changu kisichekwe. Siku moja akaweka mkeka chini.

"Mwana wange," akaniambia, yaani mwanangu, "mimi na mvi zangu hizi ninakosea mbele yako kila siku. Wewe kijana unaficha mdomo. Unamwogopa nani?"

Maneno yale yaliniingia. Kesho yake nikajitosa. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamume wangu amerudi kutoka dukani, na mwanamume kwa Kiganda ni omusajja, lakini ulimi ukateleza nikasema omusujja, nikawa nimesema homa yangu imerudi. Nnalongo alicheka hadi akajifuta machozi, akaniambia kwamba kwa waume wengine sijakosea. Nikacheka naye, na ile hofu ikaisha. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ndani ya mwaka nilikuwa ninawasikiliza mama wa Kamwokya wakitaniana, nami ninacheka pamoja nao, si baada yao. Utamu huo, mwanangu, siwezi kukueleza ukaujua. Uonje mwenyewe.

Sasa sikia lililotokea. Alasiri moja tulikuwa tumekaa kwake, mlango wazi. Nje pakasimama kijana mmoja mrefu aliyevaa sare za jeshi, mmoja wa wale wa kambi ya Mbuya, akapaza sauti: "Hodi hapa."

Nilimwona Nnalongo akishika ukingo wa mkeka hadi vidole vikabadilika rangi. Nikataka kuinuka nimjibu mimi, nimwondoe haraka. Akaniwekea mkono gotini nisiinuke. Kisha akasema:

"Karibu. Kaa. Umekura?"

Yule kijana alikuwa amejiandaa kukemewa au kukimbiwa, nilimwona usoni. Akavua kofia. "Bado, mama," akasema. Alikuwa mtu wa kaskazini, Kiganda hakijui, na alikuwa anatafuta mkeka wa kumpelekea mama yake. Nnalongo akampakulia matoke na mchuzi wa karanga, akamuuliza mama yake anaitwa nani, na kama kwao mvua imenyesha. Akasema "manyunyu" pia, sijui kwa nini, nadhani alitaka tu kulisema. Kijana alipoondoka, Nnalongo alitetemeka mwili mzima, nikamshika. Akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo hajawahi kumjibu mwanajeshi mlangoni kwake kwa lugha ile, na leo amejibu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakupata hata siku moja kusema Kiswahili cha vitabuni.

Mwanangu, nimesikia unajifunza Kikorea kwenye simu yako, na wenzako wanakucheka, wanakuuliza kitakupa kazi gani. Waache waulize. Si kila kitu kizuri lazima kilete mshahara. Jifunze kwa sababu neno jipya linakufurahisha, hiyo ni sababu tosha. Kosea mbele za watu na uwe wa kwanza kucheka. Na usiichukie lugha kwa ajili ya mdomo mmoja mbaya ulioisema, maana lugha hiyo hiyo ndiyo kina mama hubembelezea watoto. Mimi na magoti yangu haya nimeanza Kilingala kwa yule msusi wa nywele wa Kikongo, na kila jioni ananicheka vizuri.

Nenda, mwanangu. Mungu akulainishie ulimi, akupe masikio ya subira, na kila utakapofika ukute mtu wa kukuitikia.