Ng'ombe wa katuni alinyamaza ndani ya kitabu, njo nikasikia bibi yangu

Wakuu, jambo kwenu bote.

Niko Bunia, quartier Bigo. Ni muda mingi nasoma nyuzi zenu bila kuandika hata neno moja. Leo naandika. Ile nitasema hapa niliona na macho yangu, na mwenye atafikiri ni hadithi akuye Bigo, nitamuonyesha kitabu.

Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu, na Kiswahili yangu ni ya huku. Mutanivumilia.

Kwa benye hawajue: huku Ituri tulikuwaka na dessin animé yetu, katuni ya televizio, jina yake Nyange. Nyange ni kale kandege keupe kanafuataka ng'ombe. Mu katuni kanaishi juu ya mugongo ya ng'ombe muzee anaitwa Pembe Moja. Kandege kana mudomo mingi, kanataka kujua kila kitu. Ng'ombe hana haraka. Ni hiyo tu. Lakini ile saa ilikuwa inapita, batoto hawakusikia hata mama yao anaita kula.

Sasa musikie vizuri. Sauti ya Pembe Moja ilikuwa ya bibi yangu Georgine, mama ya batoto yangu.

Tulikuwa tunaishi mu kijiji ya Fataki, yeye analeta fromage, jibini ya maziwa ya ng'ombe, kuuza Bunia. Siku moja mu Bigo alikuwa anagombeza mununuzi mwenye alibonyeza fromage na kidole chafu. Dada moja, Espérance, mwenye kuchora ile katuni, alikuwa anapita. Alisimama akasikiliza mupaka mwisho, kisha akamuuliza kama anaweza kuya kugombeza ndani ya micro ya kurekodi.

Georgine alizani huyu dada ni kichaa. Lakini alienda.

Kuna kitu moja batu hawajue. Georgine hakuwa anasoma. Banamusomea maneno, yeye anashika mu kichwa. Ya fupi, sawa. Ya murefu, anasema nusu, anasimama, anatafuta ile ingine. Espérance hakutaka kumusumbua. Pahali Georgine alisimama, yeye alichora ng'ombe anatafuna.

Njo maana Pembe Moja alikuwa anasema hivi: "Nyange, weye usipande juu sana..." Anatafuna. Anatafuna. Nyange anangoja, batoto nao banangoja. Kisha: "...upepo haina rafiki."

Ituri muzima ilisema huyu ng'ombe ana akili ya bakubwa. Ni bibi yangu alikuwa anatafuta maneno, wakuu. Nyumbani alikuwa anacheka mupaka machozi.

Sasa niingie mu ile mbaya. Nitaenda mbio, juu sipendi kukaa pale.

Espérance alikuwa anatupatia zile katuni mu flash, ya kuchomeka ku televizio. Fataki tulikuwa na televizio na groupe kidogo ya kutoa courant ya umeme, kwa hiyo batoto ya jirani balikuwa banajaa ku dirisha yetu. Nyuma yao kulikuwa kijana moja, tayari mukubwa, ndevu inaanza. Anaitwa Pascal. Alikula kwetu. Alijua kuiga sauti ya Pembe Moja kuliko bote, na Georgine alikuwa anamuita "ng'ombe mwenzangu".

Mu ile vita ya huku, siku bashambulizi balifika Fataki kuua batu, Pascal alikuwa nao.

Batu banapenda kuuliza, "Ilikuwa kabila gani?" Mimi sitaje kabila. Kabila haina mikono. Nataja mutu. Pascal.

Tulikuwa tumejificha mu shamba ya muhogo, mimi na batoto upande ya chini, Georgine upande ya juu karibu na njia. Nilisikia Pascal anaita na ile sauti ya ng'ombe, polepole, vizuri: "Mama Pembe, bameenda, toka."

Georgine akatoka.

Sitaongeza kitu hapo.

Tulikimbia na batoto, tukafika kambi ya bahamwa, batu benye balikimbia vita, hapa Bunia. Kisha nikapata nyumba Bigo. Kuanzia pale, mutu akifungua Nyange mu simu, mimi natoka. Batoto yangu balijifunza kuangalia bila mimi. Sauti ya bibi yangu ilikuwa sauti ya ule muuaji. Zilikuwa zimekuwa moja. Munaelewa? Kufa ni kufa. Lakini Pascal alimutoa mara mbili: mu muhogo, kisha mu sauti yake.

Katuni nayo ilisimama. Kazi haikuweza kuendelea bila courant, na mu kambi televizio ingetoka wapi?

Myaka ikapita, kisha Espérance akakuya kwangu. Alikaa ku kiti, hakukunywa hata maji. Akasema anataka kugeuza Nyange kuwa BD, vitabu ya picha, moja kisha ingine, ya kupeleka mu makambi. Kitabu haiombi courant. Lakini bila Pembe Moja hakuna Nyange, na hataanza bila mimi kusema ndiyo.

Nilikatala.

Akaniambia, "Papa Furaha, kitabu haina kinywa. Hakuna mutu atasikia kitu."

Nilifikiri. Kitabu haina kinywa, ni kweli. Nikasema ndiyo juu ya ile neno tu. Georgine angebaki, sauti ingeondoka.

Sasa nitaje wa pili. Monsieur Evariste. Huyu alikuwa directeur ya kachama kalikuwa kanagaramia kuchapisha. Hajaua mutu, musinielewe vibaya. Lakini kuna batu banakuua na rula.

Espérance alipochora kitabu ya kwanza, pahali Pembe Moja anatafuna aliacha visanduku ya picha bila neno. Ng'ombe tu, mudomo upande huu. Kisanduku ingine, mudomo upande ule. Evariste alipita na bic nyekundu, kalamu ya kusahihisha, akakata vyote. Alisema kisanduku bila maneno ni karatasi inapotea, na mutoto akiona ng'ombe ananyamaza atafikiri kuna kosa ya imprimerie, kule banachapishaka.

Lakini ukurasa ya kwanza, muzima, ilikuwa na picha yake na cravate, tai ku shingo: "Neno ya Directeur". Ile haikuwa kupoteza karatasi.

Mimi mwenyewe nilibeba kile kitabu ya kwanza ku kambi. Huko kitabu ni moja kwa batoto mingi, kwa hiyo banaweka katikati ya mukeka na banakaa mu muzunguko. Benye bako upande ya juu banaona Nyange kichwa chini. Hawalalamike. Bamezoea, banasoma kichwa chini kama siye tunasoma vizuri.

Balisoma mbio, balimaliza. Musichana moja wa Nizi, Rehema, mwenye aliangaliaka katuni kwao mbele ya kukimbia, akafunga kitabu.

"Huyu haiko Pembe Moja," akasema. "Anasema kama préfet, mukubwa wa masomo."

Batoto balicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nikamuambia Espérance vile, na uso yake ilibadilika.

Kitabu ya pili, alirudisha visanduku yote. Nafasi alipata wapi? Alitoa "Neno ya Directeur". Picha, cravate, yote. Alipeleka imprimerie yeye mwenyewe, Evariste akaona wakati vitabu vilikuwa tayari mu carton. Aliwaka. Alisema tumemukosea heshima mbele ya batu. Leo mu mikutano anasema ile wazo ya kunyamaza ilikuwa yake. Evariste, kama uko unasoma hapa, na najua unasoma, sema tena mbele ya hawa wakuu.

Basi nikapeleka kitabu ya pili.

Nitasema kweli: nilibaki nimesimama, viatu bado mu miguu, tayari kuondoka. Nilijua mutoto mumoja atataka kuiga sauti. Batoto banaiga. Nikajisemea, akianza tu, natoka.

Rehema alikuwa anasoma. Hakuiga kitu. Alisoma na sauti yake ya mutoto mwenye mafua: "Nyange, weye usipande juu sana..."

Akafika ku kisanduku bila neno.

Akanyamaza. Na mudomo yake ikaanza kutafuna.

Kisha wa pembeni yake. Kisha bale ba upande ya juu, benye balikuwa banaona ng'ombe kichwa chini. Muzunguko muzima, wakuu. Batoto bengi pale hawajaonaka katuni hata siku moja, balizaliwa nyuma ya katuni kusimama. Hakuna mutu alibafundisha. Mudomo upande huu, mudomo upande ule, macho ku kitabu, hakuna hata mumoja anacheka. Mama moja alikuwa anapita na bidon ya maji, akasimama.

Mimi nilishika muti ya bâche, ile turubai ya kambi.

Ile ilikuwa Georgine. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa yeye anatafuta neno. Urefu ile ile ya kunyamaza. Niliishi na yule mwanamuke, naijua ile urefu, alikuwa nayo hata akitafuta chumvi.

Na hapo njo nilikumbuka kitu sikukumbukaka toka Fataki. Pascal, siku ile, hakutafuna. Alisema yote moja kwa moja. Alijua sauti, lakini ile kunyamaza ya katikati hakuwa nayo. Hakuna mwenye alikuwa nayo. Sasa iko mu mudomo ya batoto mu kambi, bamekaa chini ya bâche, na hata hawajue jina yake.

Rehema akamaliza: "...upepo haina rafiki." Akageuza ukurasa. Kwao ilikuwa kitabu tu.

Nilivua viatu nikakaa ku mukeka, upande ya juu, benye kusoma kichwa chini.

Wakuu, funzo yangu ni kidogo. Kama uko unageuza kitu ya televizio kuwa kitabu, usiogope kisanduku bila maneno, na usimuachie mutu wa cravate bic nyekundu. Na kama muuaji alikunyang'anya kitu ya mutu wako, chunguza vizuri. Labda hakubeba yote.

Pascal sijasamehe. Musiniandikie mambo ya kusamehe, nitapita tu.

Lakini iko kitu nataka kuuliza, na munijibu bila kunihurumia. Weye mwenye mutu wako alikufa na sauti yake iko mu simu yako: unasikilizaka, ao umefunga? Batoto yangu bangali na ile flash. Banataka tukae bote tuangalie. Mimi bado niko ku kitabu tu.

Semeni.